Divai Tatu Ndani ya Mabuti

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, pale ukuta wa ghala unapokata kona na kutupa kivuli mpaka alasiri. Mguu wake mmoja ulivunjika zamani, tukauegemeza kwenye kalibu ya mbao ya kiatu cha mwanamume mnene, na anayekaa upande ule hujifunza kukaa kwa adabu. Wakaaji wa kila siku ni wawili. Kuna kinyozi tunayemwita Profesa, kwa sababu aliwahi kubeba masanduku ya wageni hotelini na tangu hapo hakuna asilolijua duniani. Kuna fundi baiskeli tunayemwita Kimya, kwa sababu hajawahi kunyamaza. Mama Kahawa huja na birika na jiko lake la mkaa, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kama hakimu. Mimi wananiita Shemasi. Si shemasi, nafagia kanisa tu na kupanga viti, lakini benchi likishakupa cheo huwezi kujiuzulu.

Siku ile nilikuja na chupa tatu za divai nyekundu. Naomba niseme kwanza kwa nini.

Marehemu mke wangu, Mungu amlaze pema, alipanda mizabibu katika kiwanja chetu cha nyuma, na kila mwaka alikuwa akikamua divai kidogo ya ndugu na majirani. Alipofariki, binti yetu aliacha kazi yake ya dukani, akarudi nyumbani, akaishika mizabibu ile. Mwaka huu ametoa pipa lake la kwanza. Sasa lile duka linamwita arudi, na jibu wanalitaka leo jioni. Akirudi dukani, mizabibu itakatwa, maana mgongo wangu hauwezi tena kuinama kwa viatu na kwa shamba pia. Asubuhi aliniambia: "Baba, wewe usinionjee. Hata nikikupa siki utasema asante, Bwana asifiwe. Wapelekee watu wa benchini. Wale hawana huruma." Akanipa chupa yake, na nyingine mbili za watengenezaji wadogo kama yeye. Moja ni ya mzee anayekamua ndani ya banda lake la zamani la kuku, na moja ni ya ndugu wawili walioweka mapipa katika gereji. Akanitaka nisiseme ipi ni ya nani, wala nisiseme kuwa yeye yumo. Nimletee ukweli, basi. Nikaahidi.

Ili lebo zisionekane, nilisimamisha kila chupa ndani ya buti la mpira lililoletwa kuzibwa. Kwenye shingo nikafunga kamba za viatu. Nyeupe ilikuwa ya mzee wa banda la kuku, nyeusi ya ndugu wa gereji, na ya kahawia ilikuwa ya binti yangu.

Profesa aliziona kabla hajaketi.

Profesa: Shemasi! Umeanguka dhambini mchana kweupe?

Kimya: Ameanguka wapi? Mtu mwenye chupa tatu hajaanguka huyo. Alikuwa amejipanga.

Mimi: Ni za kuonja, ndugu zangu. Kuna mtu anataka kujua ukweli.

Kimya: Mtu gani?

Mimi: Mtu.

Mama Kahawa: Na mabuti je?

Mimi: Ili msione lebo mkapendelea.

Profesa: Sahihi kabisa. Hotelini tulikuwa tunafanya vivyo hivyo.

Mama Kahawa: Mlikuwa mnaweka chupa kwenye mabuti?

Profesa: Utaratibu ni ule ule, mama. Vyombo tu ndivyo vinavyotofautiana.

Bilauri hatukuwa nazo. Mama Kahawa alitoa vikombe vyake vidogo kwa sharti moja, kwamba vikinuka pombe kesho, watavisugua wao wenyewe kwa majivu huku yeye amekaa anawatazama. Profesa akakubali kwa niaba ya wote. Akasimama kutoa mafunzo.

Profesa: Divai hainywewi kama maji ya bombani. Kwanza unaitazama. Pili unaizungusha. Hivi.

Aliizungusha ile ya kamba nyeupe mpaka ikaruka, ikatua kifuani kwa Kimya.

Kimya: Shati langu!

Profesa: Tulia, usijifute. Tazameni inavyoshuka kwenye kitambaa. Taratibu. Hiyo ni divai yenye nidhamu.

Kimya: Nidhamu gani, imenirukia hata hodi haikupiga!

Profesa: Tatu, unanusa.

Badala ya kunusa kikombe, aliinama akaingiza pua kwenye buti, karibu na shingo ya chupa, akafumba macho na kuvuta pumzi ndefu kama mtu anayetaka kupiga mbizi.

Profesa: Mmm. Ngozi. Mpira uliokolea. Na kwa mbali naona shamba. Udongo wa shamba, mvua imetoka kunyesha.

Kimya: Na mguu?

Profesa: Mguu upo, ila umekaa nyuma.

Mama Kahawa: Profesa, buti hilo ni la mchunga ng'ombe. Umenusa buti.

Profesa: Nimenusa vyote viwili, mama. Na nimevitenganisha.

Wakaonja. Profesa aliisukasuka divai mdomoni kama anayesukutua baada ya kung'olewa jino, akameza. Kimya alimeza moja kwa moja.

Kimya: Hii imejazwa upepo mpaka mwisho, lakini haina breki.

Profesa: Sema lugha inayoeleweka.

Kimya: Inaeleweka! Inaingia kwa kasi, halafu haijui isimame wapi. Sasa hivi iko hapa tumboni inatafuta ukuta.

Profesa: Mimi naiona ni divai ya hasira. Aliyeitengeneza ni mtu mfupi, na kuna mlango nyumbani kwake unaomgonga kichwa.

Mama Kahawa: Mtu mfupi mlango unamgonga vipi kichwa?

Profesa: Ndiyo maana ana hasira.

Kimya: Halafu ana upara.

Profesa: Hapo nakataa. Mwenye upara kwangu hana msaada wowote, siwezi kukaa hapa nikamsifia.

Kisha Profesa akatoa amri. Kati ya divai na divai, alisema, kinywa lazima kioshwe, na kitu kinachoosha kinywa kuliko vyote ni kahawa ya moto. Mama Kahawa akawamiminia. Kahawa yake hupikwa na tangawizi nyingi, ya moto kiasi kwamba wageni huipuliza na sisi wenyeji tunajifanya hatuihisi. Wakanywa vikombe vizima, macho yamewatoka, wala hawakupuliza. Halafu wakaingia kwenye ile ya kamba nyeusi.

Profesa: Ajabu. Hii ina moshi.

Kimya: Na tangawizi! Umeipata tangawizi?

Profesa: Nimeipata zamani, nilikuwa nakusubiri wewe. Na kwa mbali kuna kahawa.

Kimya: Ndimi zetu zimekutana, Profesa! Nipe mkono.

Wakapeana mikono. Mama Kahawa akalitazama birika lake, akanitazama mimi, akafunika mdomo kwa kanga.

Profesa: Maelezo yake ni mepesi. Mizabibu hii imepandwa jirani na tangawizi. Mizizi huambizana mambo huko chini.

Kimya: Kweli kabisa. Shangazi yangu alipanda viazi karibu na vitunguu. Mwaka ule kila aliyemenya kiazi alilia machozi.

Mama Kahawa: Na moshi?

Kimya: Jirani anachoma takataka.

Mama Kahawa: Na kahawa?

Profesa: Jirani huyo huyo. Anachoma takataka huku anakunywa kahawa. Mama, mbona unauliza kama askari?

Wakaosha tena vinywa. Mimi nilijua zamu iliyobaki ni ya nani. Nikachukua kiatu cha mwalimu mmoja kilichokuwa kinasubiri soli, nikainamisha uso. Misumari ilikuwa mdomoni, kama ilivyo kawaida ya kazi yetu, na kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa misumari, maana ilinizuia kusema. Nilisikia chupa ya kamba ya kahawia ikitolewa kizibo. Nilisikia ikimiminwa. Halafu nikashindwa kuvumilia, nikainua macho. Uso wa Profesa ulikuwa kama wa mtoto aliyepewa dawa ya minyoo.

Profesa: Hii... hapana. Haya ni maji yaliyosikia habari za zabibu.

Kimya: Kwangu ni pancha. Tena pancha ya tairi zote mbili, na spea umeisahau nyumbani.

Profesa: Mwagia maua hii. Tena uyaombe radhi.

Nikatema misumari mkononi, nikainuka.

Mimi: Mmeionja vizuri lakini?

Profesa: Shemasi, ulimi huu umeonja divai za mabalozi.

Mama Kahawa: Wewe ulikuwa unabeba masanduku.

Profesa: Masanduku yalikuwa na chupa ndani, mama. Nyingine zilipasuka. Sasa ningeacha zipotee?

Kimya: Mwacheni atuambie aliyeitengeneza ni mtu wa namna gani.

Profesa: Huyu? Huyu ana jambo moyoni. Alikuwa anakamua huku mawazo yake yako kwingine.

Nilifikiri labda huyu mtu kweli anajua kitu.

Kimya: Si moyo, ni jino. Hiyo ni divai ya mtu anayeumwa na jino. La upande wa kushoto.

Profesa: La jino sikatai. Lakini kazi hii haimfai. Aambiwe ukweli mapema, aache, akauze dukani.

Nilikaa chini. Sikuangalia nakaa wapi. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo anipe ujasiri wa kumpelekea binti yangu maneno yale kama yalivyosemwa, kwa sababu ndivyo nilivyoahidi. Akilini nilimwona amekaa jikoni ananisubiri. Nilimwona na mama yake, akiwa na kile kitambaa chake cha kichwani, anafunga matawi kwa vipande vya nguo kuukuu, kila tawi fundo lake. Bado nilikuwa katika sala ile Mama Kahawa aliponiita.

Mama Kahawa: Shemasi.

Mimi: Naam.

Mama Kahawa: Umekalia gundi.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekalia soli ya kiatu cha mwalimu, niliyokuwa nimetoka kuipaka gundi. Nilipoinuka, soli ikainuka pamoja nami.

Kimya: Geuka nikuvute.

Mimi: Taratibu, hii ndiyo suruali yangu ya kazini na ya mahali pengine pote.

Profesa: Mshike kiunoni, mimi nashika kisigino.

Kimya: Kisigino kipi? Chake au cha soli?

Walinivuta mpaka watu waliokuwa wanapita wakasimama. Soli iliachia kwa mlio wa kitambaa kinachochanika, Kimya akaenda kukalia upande uliovunjika wa benchi, benchi likamwangusha bila kujali cheo chake. Nami nikacheka. Nasema hili kwa sababu sikuwa nimecheka namna ile tangu tulipozika.

Kicheko kilipotulia, Mama Kahawa aliweka birika chini.

Mama Kahawa: Nyinyi wawili, hebu niwaulize. Kahawa yangu naipika na nini?

Kimya: Tangawizi.

Mama Kahawa: Kwenye jiko la nini?

Kimya: Mkaa, mama. Moshi wake ndio huu unaoniingia machoni.

Mama Kahawa: Na mmekuwa mnakunywa nini kila baada ya chupa?

Profesa akatazama kikombe chake kama kilichomsaliti.

Profesa: Hayo ni maoni ya upande mmoja.

Mama Kahawa: Mmezichoma ndimi zenu, halafu mnamhukumu mtu. Leteni vikombe hapa.

Aliviosha mwenyewe kwa maji safi. Akawasukutulisha maji ya mtungi, wakatema kwenye mtaro kama watoto wa shule. Akawakataza kahawa na akawakataza kunena mpaka ndimi zipoe, na hapo kwa Kimya ndipo palipokuwa na mateso. Mimi nikazitoa chupa kwenye mabuti, nikazifunika pamoja kwa aproni yangu, shingo tu na kamba zake zikabaki nje. Tukasubiri. Nilishona kiatu kizima cha mtu katika kusubiri kule, na baadaye nikaona nimekishonea upande usiotakiwa.

Walipoanza upya, hata Mama Kahawa alichukua kikombe.

Ile ya kamba nyeupe iliwakunja nyuso.

Kimya: Ina ukakasi hii! Kama nimetafuna ganda la ndizi mbichi.

Mama Kahawa: Imetolewa mapema. Ingeachwa pipani ikae.

Ile ya kamba nyeusi ikawalegeza macho.

Profesa: Tamu.

Mama Kahawa: Tamu mno. Kama mtu anayekusifia sana huku anauangalia mkoba wako.

Kimya: Mimi ningeweza kuinywa.

Mama Kahawa: Wewe unalamba kijiko cha sukari nikigeuka. Endelea na ya tatu.

Wakaonja ile ya kamba ya kahawia, na hapo likatokea jambo ambalo sijawahi kuliona katika miaka yote ya benchi lile. Kimya alinyamaza. Tulimtazama kwa hofu.

Profesa: Kimya, umezidiwa? Nimwite mtu?

Kimya: Subirini. Bado haijamaliza.

Mama Kahawa: Inakuwaje?

Kimya: Inaanza na uchachu kidogo, halafu unalegea. Halafu ni zabibu yenyewe, kama umeipasua kwa jino sasa hivi, juisi ikakujaa.

Mama Kahawa: Na ukakasi mdogo pale mwisho.

Kimya: Mdogo. Wa kukuambia kwamba umekunywa kitu.

Profesa: Nilisema tangu mwanzo.

Kimya: Ulisema nini? Ulisema imwagiwe maua!

Profesa: Na maua si yanastahili kitu kizuri?

Kimya: Ulisema yaombwe radhi!

Profesa: Kwa kucheleweshewa.

Hapo wakazozana. Kimya alidai yeye ndiye aliyeigundua divai ile, Profesa akadai kuwa Kimya asingeweza kugundua kitu bila mafunzo. Halafu wakageukia mtengenezaji, na kila mmoja akapanda juu kuliko mwenzake.

Profesa: Aliyeitengeneza ni mzee wa miaka themanini, amesomea nchi tatu.

Kimya: Si mtu mmoja. Ni familia nzima, na jioni wanaliimbia pipa. Sauti ya kwanza na ya pili.

Profesa: Pipa lenyewe limechongwa kwa mbao za kitanda cha mfalme. Hii divai imelala pazuri.

Kimya: Na huyo mfalme alikuwa hakoromi. Angekuwa anakoroma tungeisikia.

Profesa: Zabibu zinachumwa na watu wasio na deni la usingizi.

Kimya: Mikono mitupu! Kisu hakigusi!

Mama Kahawa: Ni mwanamke.

Wote wawili wakageuka.

Profesa: Umejuaje, mama?

Mama Kahawa: Nimesema tu. Nyinyi mnajuaje hayo yenu?

Mimi nilifurahi, lakini furaha yangu ilikuwa na mwiba ndani yake. Watu wale wale, kwa chupa ile ile, wamesema maji, kisha wamesema zabibu iliyopasuliwa kwa jino. Nimpelekee lipi? Nikimpa la pili peke yake, atanitazama kwa yale macho ya mama yake na kusema, "Baba, umechagua." Nikimpa yote mawili, atakuwa hajaambiwa kitu, na jioni ilikuwa inakaribia. Niliwatazama wale marafiki zangu wakibishana juu ya kitanda cha mfalme, nikaona kwamba ukweli nilioufuata pale sikuwa nimeupata bado.

Ndipo akaja mkunga wa zahanati yetu kuchukua sandali zake, ambazo nilikuwa nimezitia mikanda mipya. Alikuwa ametoka kazini, amechoka, mfuko wake begani. Hakuwa mtu wa benchi. Alisalimia, akauliza kuna sherehe gani.

Kimya: Karibu, dada. Tunafanya kazi ya kitaalamu.

Profesa: Kaa, tukuonjeshe. Lakini kwanza itazame, kisha uizungushe...

Mama Kahawa: Mpe divai, Profesa. Umwache.

Mkunga alikaa. Wakampa ya kamba nyeupe, akashukuru. Wakampa ya kamba nyeusi, akashukuru. Wakampa ya kamba ya kahawia, naye akainywa polepole, anautazama mtaa, miguu yake ameinyoosha mbele. Hakusema habari za ngozi, wala za moshi, wala za mfalme. Alipomaliza alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akavaa sandali zake, akapiga hatua mbili kuona kama zimekaa vizuri. Kisha akageuka.

Mkunga: Huyu wa kamba ya kahawia, atatengeneza tena lini?

Profesa na Kimya wakatazamana.

Mkunga: Nauliza ili nijiandae. Nataka niweke nyumbani, nikitoka kazini nipate kikombe kama hiki.

Profesa alikohoa. Kimya alianza kuzungusha gurudumu la baiskeli lisilokuwa na tatizo lolote. Walijua upara wa watu wasiowaona, walijua jino na upande wake, walijua pipa lilikotoka mbao. Hilo hawakulijua.

Mkunga: Hamumjui?

Profesa: Kumjua ni... kuna viwango vya kumjua.

Mama Kahawa hakuwatazama wao. Alikuwa ananitazama mimi, na nadhani alikuwa amenitazama hivyo kwa muda.

Mama Kahawa: Nenda, Shemasi. Viatu vya watu nitaviangalia mimi.

Kimya: Aende wapi?

Mama Kahawa: Wewe kunywa maji.

Nikamwomba mkunga asiondoke. Nikatembea kwa mwendo ambao mgongo wangu ulikuwa umeusahau. Yale maneno ya kwanza niliyaacha benchini, na zile sifa pia niliziacha. Nilibeba swali la yule mwanamke peke yake, nikawa nalirudia njiani nisije nikalipunguza au kulitia chumvi.

Binti yangu alikuwa jikoni, simu iko mezani mbele yake. Alisimama nusu aliponiona.

"Haya, Baba. Wamesemaje?"

"Kuna mtu anauliza utatengeneza tena lini."

Alinitazama kwa muda mrefu, ananipima kama namdanganya.

"Nani?"

"Mkunga. Alikuja kuchukua sandali zake tu."

"Umemwambia ni yangu?"

"Sikumwambia. Hakuna aliyemwambia."

Akaitazama simu. Nje upepo ulikuwa unapita kwenye majani ya mizabibu.

"Bado yuko pale?"

"Nimemwomba asubiri."

Akaiacha simu mezani, akavaa viatu, akanitangulia mlangoni.